Mpiga Chokaa wa Diski

Jana usiku niliota nimesimama ukumbini mwa nyumba ndefu yenye vyumba vingi, na nyumba hiyo ni diski ya kompyuta yetu.

Sikushangaa. Mchana wa siku hiyo kaka yangu Shamte aliigawa diski ili aweke mfumo wa pili wa kuendeshea kompyuta. Alisogeza ukuta kati ya sehemu zake kidogo tu, alisema. Mfumo wa zamani ukagoma kuwaka, na humo ndimo ilimo sauti ya marehemu mama akiimba jikoni. Hatuna nakala nyingine. "Tuifute hiyo sehemu, Mwanaidi?" Shamte aliniuliza. Nikainamia vidole vyangu. "Basi, kesho asubuhi," akasema.

Mlangoni ameketi bawabu. Ni kufuli lenye miguu, linakunywa uji.

"Hodi."

"Karibu. Waenda mfumo upi?"

"Wa zamani. Chumba cha tatu."

"Cha tatu ni stoo."

"Jana alikaa mama humo."

"Jana! Ukuta umesogea, namba nazo zimesogea. Mimi nawajua watu kwa namba, dada, si kwa sura. Chumba cha nne kuna mtu anaimba, lakini simtambui."

Nakimbilia cha nne. Ukumbi unageuka chumba cha harusi. Nimekaa mkekani, nimefunikwa kanga. Kuta ni mashangazi, wametia wanja. Mbele yangu kuna ndoo yenye mikono, imeshika brashi.

"Mimi ni Mpiga Chokaa," inasema ndoo. "Chumba cha nne hakitambuliki. Nikipake kiwe kitupu, cheupe? Nauliza mara ya kwanza."

Nyuma ya mlango mama anaimba, na sufuria zinagongana.

"Mwacheni, anaona haya," unasema ukuta wa kushoto.

"Mara ya pili."

"Mwali akinyamaza ameridhia," unasema ukuta wa kulia. "Hata mimi niliozwa hivyo hivyo. Tazama, sasa nimekuwa ukuta."

"Mara ya tatu." Ndoo inachovya brashi. Mama anakatisha wimbo, kama mtu anayesikiliza.

Naidaka brashi. Chokaa inanichuruzika mkononi.

"Sitaki!"

"He! Kumbe ana mdomo!" kuta zinasema kwa pamoja.

"Nani hamtaki nani?" bawabu anauliza kutoka mlangoni.

"Mama yuko cha nne! Mwite kwa namba nne!"

"Si ungesema mapema," anasema, anaweka kikombe chini. "Uji wenyewe umepoa."

Nikaamka, koo linawasha. Sebuleni mama alikuwa anaimba.

Shamte alisimama mbele ya kompyuta, mswaki mdomoni. "Mifumo yote miwili inawaka," alisema. "Jana niliiacha kompyuta inauliza kama ifute ile sehemu. Nani kaijibu?"

Kwenye kibodi, kitufe cha namba nne kilikuwa na alama nyeupe ya kidole gumba.

Nikaingiza mkono ndani ya kanga.

"Mimi," nikasema.