Kadi ya Kitabu cha Wapangaji

Kufikia saa mbili asubuhi mkutubi alikuwa ameshafuta vumbi rafu mbili na kupaka gundi mgongo wa kamusi iliyochoka. Wasomaji walimwita Bi Kadi, naye hakuchukia. Kila kitabu cha maktaba ile ya manispaa kilikuwa na kadi yake kwenye droo, na juu ya kadi majina ya wote waliowahi kukiazima, mwandiko safi, miaka kumi na mmoja bila doa. Ukimuuliza nani alisoma nini mwaka gani, alikujibu kabla hujafunga mdomo.

Mumewe, fundi viatu, hakuacha kumchokoza tangu ajiunge na Chama cha Wakutubi. "Chama gani hiki, mke wangu? Hakikopeshi, hakiziki, hata ngoma hakichezi. Faida yake nini?" Alichopata chamani ni kijitabu cha mwongozo alichopewa kwenye semina, na ukurasa wa nne ulisema kwamba kitabu kikirudi, jina la msomaji lifutwe. Aliposoma hapo alicheka peke yake. Kufuta majina! Aliona ni uvivu mtupu.

Saa tatu akaingia Ofisa wa Nyumba wa manispaa.

"Dada, una kitabu cha haki za wapangaji?"

"Kipo, bosi. Nikuazime?"

"Kitabu sikihitaji, nataka kadi yake. Kuna watu kwenye nyumba zetu wametuandikia barua ya kukataa kuhamishwa, imejaa vifungu vya sheria. Hawakuzaliwa navyo. Nipe majina tu, mambo yaishe."

Aliyajua majina yote kumi na manne. La tatu lilikuwa la mshonaji, mjane mwenye watoto watatu, ambaye alikisoma kitabu kile wiki nzima akiwa amesimama kabla hajathubutu kukiazima. Bi Kadi mwenyewe ndiye aliyemtafutia ukurasa. Akiitoa kadi, mshonaji atakuwa wa kwanza kutupiwa vyombo nje. Asipoitoa, kibarua chake kitaota nyasi.

"Nipe muda nitafute. Droo zimechanganyika."

Droo zake hazikuwahi kuchanganyika tangu zichongwe.

"Nitarudi saa nane," ofisa akasema.

Alipotoka tu, Bi Kadi akapiga namba iliyokuwa nyuma ya kijitabu. Akapokea katibu wa chama, mkutubi mstaafu, anatafuna kitu.

"Kaja na barua?"

"Hapana. Kwa mdomo."

"Basi mwambie aandike anataka nini, kwa sheria gani, na aweke sahihi. Nimeifanya kazi hii miaka thelathini, mwenzangu. Watu hao kalamu huwa nzito. Na hayo majina, kwa nini bado yapo?"

"Yamepangika vizuri," Bi Kadi akasema kwa aibu.

"Haya, sote tulipenda kadi safi," katibu akasema kwa upole. "Anza sasa. Namtuma mwenzetu wa maktaba ya shule, usikae peke yako na droo hiyo."

Mwenzao akaja na kalamu mbili nene za wino mweusi. Wakakaa nyuma ya rafu, wakaanza na droo ya sheria, kadi kwa kadi, wakiacha tu majina ya wale ambao vitabu bado viko mikononi mwao. Kila jina lilimuuma. Alipofika kwa mshonaji alipitisha wino mara mbili.

"Unalia, dada?"

"Wino unachoma macho."

"Wino huu hauna hata harufu," mwenzake akasema, wakacheka wote wawili.

Saa nane ofisa akarudi na bahasha mkononi, nyuma yake binti aliyekumbatia mkoba.

"Majina."

"Niandikie, bosi. Unataka nini, kwa sheria gani, na uweke sahihi." Mwenzake akasogeza kiti karibu.

"Niandike barua kwa ajili ya kadi?" Ofisa akaivuta droo mwenyewe, akaitoa kadi. Mistari kumi na minne myeusi. Akatoa nyingine, na nyingine.

"Ni mwongozo wa kazi yetu," Bi Kadi akasema. "Ukurasa wa nne. Nilichelewa kuufuata."

Ofisa hakufoka; hadithi ya droo kuchanganyika hakuwa ameiamini tangu asubuhi. Aliitupa kadi mezani, akaweka bahasha juu yake. Ndani mlikuwa na barua ya kumhamishia Bi Kadi stoo ya vifaa, kuanzia kesho. Ilikuwa na kumbukumbu namba, mihuri miwili na sahihi ya mkurugenzi. Barua ya kadi iliwashinda kuandika, lakini hii haikuwachukua hata nusu siku.

"Mkabidhi huyu funguo," akasema, akaenda zake.

Katibu alipoambiwa kwa simu alisema chama kitakata rufaa, huenda ikachukua mwaka, lakini kitakata. Bi Kadi alimwamini nusu. Asubuhi hakuwa na hata hiyo nusu.

"Mama, mimi vitabu sivijui," binti akasema kwa sauti ya chini. "Nimetolewa ofisi ya maji leo hii."

"Utavijua, mwanangu."

Akamkabidhi funguo moja moja, akamwonyesha gundi ilipo na rafu inayovuja mvua ikinyesha. Halafu akachomoa fomu ndani ya kijitabu chake.

"Jaza hii kwanza."

Binti akaisoma, akakunja uso. "Chama? Kina faida gani?"

Bi Kadi akamkumbuka mumewe, akatabasamu kidogo.

"Kina namba ya simu. Iandike sasa, kabla hujaihitaji."

Binti akatafuta karatasi, akaikosa. Akaiokota kadi ya kitabu cha wapangaji pale mezani, akaigeuza, akaandika nyuma yake.