Benchi ya Nyuma

Jumapili ya Watoto katika kanisa letu la mawe, huku juu ya mashamba ya chai nje kidogo ya Sotik, mtu mzima hafungui kinywa. Wamisheni waliolijenga ndio waliotuachia desturi hiyo: siku moja kwa mwaka watoto wanaongoza ibada yote, kuanzia kengele mpaka baraka, na sisi wakubwa tunanyamaza. Hata mzee wa kanisa akibanwa na kikohozi, anatoka nje.

Mimi ndiye mwalimu wao wa shule ya Jumapili, na sifundishi ovyo. Niliwaambia, "Vile wazee hufanya, mfanye hivyo hivyo. Sitaki mchezo huko mbele." Chepngetich, wa miaka tisa, nilimpa nafasi ya mchungaji kwa sababu ana kichwa chepesi. Mwanangu Sagini alikuwa kwenye kinanda kama kila Jumapili, shati jeupe, amenyoa vizuri. Nilikaa kiti cha mbele, najisikia kweli kweli.

Waliimba, wakaomba, wakasoma Neno. Halafu Chepngetich akafunga Biblia.

"Sasa ni wakati wa kurudisha watu kwa ushirika," akasema.

Nilishtuka. Hilo hatukulifanyia mazoezi hata kidogo! Kwetu, msichana akipata mimba kabla ya ndoa anakaa benchi ya nyuma, yeye na mzazi wake. Hagusi Meza ya Bwana, na mtoto wake haombewi, mpaka wazee wampe mkono wa ushirika mbele ya watu. Mkono huo ukishatolewa, haurudishwi. Pale nyuma alikuwa Tecla, dada yake Chepngetich, tangu mwaka juzi, na mama yao kando yake. Tecla alikataa kumtaja baba ya mtoto. Kwenye kikao cha wazee, nami nikiwemo, tukasema bila jina hakuna mkono, na sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi.

"Tecla, kuja. Mama, kuja pia."

Wakaja, Tecla amembeba mtoto. Watoto wote wakapanga foleni kuwapa mkono, hata wale wadogo wa kunyonya vidole. Mzee Kipsang, mwenyekiti wa wazee, alinyanyuka mdomo wazi, akakumbuka desturi, akakaa tena. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

Chepngetich hakuwa amemaliza.

"Pasta husemanga hii dhambi hufanywa na watu wawili," alisema, bila ubaya wowote, kama anayetangaza siku ya kufagia kanisa. "Huyo mwingine ni Sagini. Jioni hukujanga kwa dirisha ya jikoni yetu, anaomba kushika mtoto."

Kinanda kilichokuwa kikilia chini chini kilinyamaza. Sagini? Huyu ninayempigia pasi shati kila Jumamosi? Nilimkodolea macho nikimngoja atikise kichwa tu, kukataa. Hakutikisa. Alifunika kinanda, akatembea katikati ya kanisa mpaka benchi ya nyuma, akakaa.

Nilitaka kupiga kelele kwamba mtoto huyu ni mwongo, kwamba ametumwa, kwamba nyumba yangu haijawahi kutajwa namna hii. Nilikuwa na hasira ya kubomoa ukuta. Lakini baraka ilikuwa haijatolewa, nikauma midomo.

Ndipo Chepngetich akanigeukia, uso umemjaa wasiwasi, vile hufanya akisahau mstari wa Biblia.

"Mwalimu, mzazi pia hukaa huko, ama nimekosea?"

Kanisa lote liligeuka. Mzee Kipsang alinitazama, halafu akaangalia viatu vyake. Chepngetich aliendelea kuningoja, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, na hajawahi kuniuliza kitu nikakosa jibu.

Nikachukua Biblia yangu na mkoba, nikasimama. Nilipompita Tecla, mtoto wake alinitazama juu ya bega la mama yake. Masikio yake yalichomoza kama ya Sagini, kabisa kabisa, na Jumapili zote hizo nilikuwa nimeyaona.

Nilikaa pale alipokuwa mama yake Tecla. Ubao ulikuwa bado na joto lake.