Fremu ya Kukulia

Makandi alikuwa fundi wa maji wa kaunti, mwenye diploma yake, na kama kuna kitu alichokijua vizuri ni kwamba bomba la inchi mbili haliingii kwenye la inchi moja hata ukilibembeleza. Lakini siku ile Nairobi, muuza baiskeli za mitumba alipomwekea fremu mbili mbele yake, ndogo na kubwa, hakufikiri kama fundi. Alifikiri kama mama anayenunua sare ya shule. Msichana ana miaka kumi na sita, bado anakua. Akabeba kubwa.

Sasa Kinya, binti yake, alikuwa na miaka kumi na saba na hakuwa ameongeza hata upana wa kidole.

"Leta stemu fupi," Makandi alimwambia Mohamedamin, fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Stemu ni kile kipande kinachoshika usukani. Kikiwa kifupi, usukani unamsogelea mwendeshaji.

"Mama Kinya, hii hapa ndiyo fupi."

"Fupi zaidi."

"Fupi zaidi ya hii tufunge usukani kwa kamba. Hii fremu ni ya twiga. Mtoto wako ni swara."

"Mambo ya wanyama waachie watu wa mbuga. Wewe funga."

Kinya, aliyekuwa ameketi juu ya kreti ya soda, alicheka kidogo.

Kila kipande cha baiskeli ile Makandi alikichagua mwenyewe, kimoja kimoja, tangu Januari. Magurudumu yenye spoki nyingi, kwa sababu yale mepesi yangepinda kabla ya kufika Archer's. Tairi nene kidogo, kwa ajili ya miiba. Giya za nyuma zenye meno mengi, ili Kinya apande mlima wa kwenda Subuiga bila kusimama. Ofisini walishachoka kusikia habari za cheni. Lakini tangu Machi kila alichonunua kilikuwa cha kuficha kosa moja: kiti kikasukumwa mbele mpaka mwisho, usukani ukabadilishwa ukaletwa mwembamba, mikono ya pedali ikawa mifupi. Na bado mtoto alikuwa amejinyoosha juu yake kama nguo iliyoanikwa.

Jumamosi kocha Umuro angechagua vijana wa timu yake kule Nanyuki. Kila mtu aje na baiskeli yake ya mbio. Mwakani Kinya angekuwa amepita umri.

Mohamedamin alikaza skrubu ya mwisho. Kinya akaitoa baiskeli hadi barabarani, akapanda, akashika njia ya Moyale. Upepo ulikuwa wa ubavuni, ule wa mchana unaookota mifuko na kuipeleka Merti. Makandi alisimama akimtazama akipungua kwa mbali.

"Ameenda vizuri," alisema.

Mohamedamin alifuta mikono kwa kitambaa.

Kinya alirudi akitembea, baiskeli pembeni. Kiwiko kilikuwa kimechubuka.

"Umeanguka?"

"Usukani umekuwa mwepesi sana. Upepo ukipiga unageuka wenyewe."

"Basi turudishe ile stemu ya kwanza."

"Na hiyo ya kwanza sifikii breki, Mama."

"Tutatafuta breki zingine. Kuna zile za mikono midogo, niliziona kwa simu. Mohamedamin, zinaweza kufika Ijumaa?"

"Mama," Kinya alisema. "Mimi siendi Nanyuki."

"Nani amesema?"

"Mimi. Nilimpigia kocha. Nafasi yangu ya kujaribiwa amempa mwingine."

"Ulimpigia lini?"

Kinya alitazama kiwiko chake. "Wiki ile fremu ilipofika."

Makandi alihesabu miezi bila kutaka. Miezi yote ile ya spoki na giya na tairi, msichana alikuwa ameketi kwenye kreti hiyo hiyo akisema ndiyo, hizo nzuri, hizo pia nzuri.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikwambia ni kubwa, hapo nyumbani, kabla hujaitoa hata karatasi ya kufungia. Ukasema nitaikulia." Sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo. "Halafu ukaanza kununua vitu. Ulikuwa na furaha, Mama. Sijakuona hivyo tangu Baba aende."

Mohamedamin aliingia ndani ya kibanda kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Panda," Makandi alisema.

"Mama."

"Panda tu. Nataka kuona."

Kinya alipanda, kwa sababu alikuwa mtoto wa kutii. Akashikilia nguzo ya kibanda kwa mkono mmoja. Makandi alirudi nyuma hatua kadhaa na kumtazama kama anavyotazama mtaro uliochimbwa vibaya. Vidole vya miguu vilikuwa vinatafuta pedali. Mgongo umevutwa, shingo imekazwa, mkono ulioshika usukani umenyooka kabisa bila kukunjika popote. Hakuna kipuri duniani ambacho kingerekebisha hilo. Mtu yeyote aliyepita na gunia lake la miraa angeweza kuliona, na huenda waliliona, wiki baada ya wiki, wakaenda zao.

"Shuka," alisema.

Kinya alishuka, akabaki ameishika, asijue aiegemeze wapi.