Wino Mwekundu

Masomo ya kujiandaa na mtihani wa kuingia shule ya sheria yalikuwa ya wenye nazo, na Violeth hakuwa nazo. Mama yake, muuza karanga wa mtaa wa Nyasubi asiyejua kusoma, alipata sokoni karatasi za kufungia karanga: mitihani ya zamani ya wanafunzi wa sheria.

“Nimekuchagulia zenye wino mwekundu mwingi,” alisema. “Hizo ndizo mwalimu alizozipenda.”

Zote zilikuwa za waliofeli. Lakini pembeni, mwalimu alikuwa ameeleza kila kosa kwa subira.

“Kweli, mayu,” Violeth akamjibu mama yake. “Alizipenda sana.”

Alizisoma mpaka zikachakaa. Orodha ya waliofaulu ilipotoka, alilizungushia jina lake kalamu nyekundu, ndipo akampelekea mama.