Machimbo Yanayojibu

Siku ile mjinga alikuwa kinyozi, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta kibandani kwake leo, mashine mkononi na kichwa cha mtu kimeinama mbele yake, atakwambia bila kuombwa: alidhani anampeleka mama yake matembezi, kumbe anayepelekwa ni yeye.

Safari ilikuwa ya mama. Alikuwa mfua nguo za watu, mwanamke ambaye vidole vimemwishia nguvu lakini ulimi bado, na tangu kinyozi apate akili hakuwahi kumsikia akiomba kupelekwa popote isipokuwa hospitali. Sasa akataka kwenda na kurudi siku hiyohiyo katika ule mji mdogo wa machimbo, ambako siku hizi watu huenda kutembea. Kinyozi akafurahi. Akafunga kibanda, akavaa shati la mikono mirefu, wakapanda basi la asubuhi, mama amepakata chupa kubwa ya chai kama mtu aliyepakata kichanga.

Njiani kinyozi aliingoja chai. Aliingoja wakavuka mto, akaingoja wakamaliza mashamba ya alizeti. Mama aliposinzia, akaiinua chupa taratibu, akaikuta nyepesi kama ahadi ya mpangaji. Maskini mama, akajisemea, uzee huo. Kabeba chupa, kasahau chai. Hakutaka kumwaibisha. Walipofika akamwambia ampe mzigo huo ambebee, akajifanya anatafuta choo, akaingia mgahawa wa stendi na kuijaza chupa chai ya maziwa mpaka shingoni, sukari isiyo na huruma. Akarudi anatabasamu peke yake.

Mji ulikuwa na barabara moja, mawe ya pembeni yamepakwa chokaa. Palikuwa na chemchemi ya maji moto ambamo wageni waliloweka miguu. Palikuwa na makumbusho ya chumba kimoja, yenye nyundo, kofia za taa na safu ya viatu vya wachimbaji visivyo na wenyewe. Palikuwa pia na mizani ya zamani ya kupimia mawe, na mgeni akipanda aliambiwa yeye ni sawa na jiwe gani. Kinyozi alitaka vyote. Alipanda mizani, akaambiwa yeye ni jiwe la msingi wa choo, akacheka kuliko waliomcheka. Mama hakugeuza shingo. Aliuliza kitu kimoja tu: shimo liko wapi.

Shimo ndilo lililowaleta watu. Lilikuwa machimbo yaliyoachwa, yenye kina kisichoonekana mwisho, yamezungushiwa ukingo wa chuma. Mahali pengine ukipaza sauti hurudishiwa maneno yako mwenyewe. Hapa ulijibiwa. Mtembezaji wa wageni, dada mmoja wa kofia ya njano, aliwaeleza kwa sauti ya mtu aliyekariri kwamba hiyo ni kwa sababu ya aina ya jiwe na unyevu wa hewa. Aliwaomba wasiulize mambo ya ndoa, maana majibu hayakuwapendeza wengi. Aliwaomba pia wasibebe majibu kwenda nayo nyumbani. Wapo waliowahi kujaribu kwa chupa za soda, wakafungua langoni kuhakikisha kama limo, na jibu likawaponyoka na kurudi zake shimoni.

Mwalimu mmoja akauliza saba mara nane. Shimo likasema hamsini na sita, kisha likakohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha vumbi. Watu wakapiga makofi. Bwana harusi mpya akauliza kama atapata watoto, akaambiwa amuulize aliyesimama naye.

Ikafika zamu ya kinyozi. Naye kwa utani wake akainama juu ya ukingo, akaita:

"Nitoke na mtindo gani leo?"

Sauti nzito, ya mtu anayeburuta maneno, ikapanda toka chini.

"Kaoge kwanza. Na hiyo shingo uisugue."

Kinyozi akasimama wima. Maneno hayo aliyasikia kila jioni wakati meno ya utotoni hayajamtoka yote, kisha hakuyasikia tena.

Baba yake alikuwa mchimbaji humo. Ukuta wa jiwe ulipoporomoka, kampuni ilitangaza kwamba zamu nzima ilikuwa imetoroka kazini jioni ya kabla yake, na kwa kuwa hapakuwa na mtu chini, hapakuwa na wa kufukuliwa. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa mke wa mtoro. Walimwita hivyo bombani, walimwita hivyo hata waliompa nguo zao afue. Kinyozi naye alipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo mpaka akachoka kupigwa, akajifunza kujicheka kabla ya wenzake, na mpaka leo huo ndio mtaji wa kibanda chake.

Mama akamsogeza kwa kiwiko.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi nipe chupa. Leo anarudi nyumbani."

Akaifungua, akaikuta imejaa chai. Alimtazama mwanawe kwa muda wa kutosha kumkumbusha makosa yake yote tangu azaliwe, kisha akaimwaga chai yote majanini, akaifuta chupa kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akauelekeza mdomo wa chupa shimoni.

"Mume wangu," akasema, bila kupaza sauti, "twende."

Kisha ile sauti ikauliza kama lile paa linalovuja limeshazibwa. Mama akajibu kwamba paa lenyewe halipo tena, wamehama mara mbili, na aingie kwanza, mengine ataulizia njiani.

Hapo wengine wakaamka mle shimoni. Mmoja akauliza chupa hiyo inachukua watu wangapi. Mwingine akasema yeye ni mwembamba, hatamsumbua mtu. Mama akawaambia kwa upole kwamba hii ni ya mtu mmoja, lakini wamtajie mitaa yao, naye atawafuata wake zao mlango kwa mlango. Wakataja mmoja baada ya mwingine bila kusukumana, kama walivyozoea kupanga foleni ya mshahara. Mama hakuandika. Mtu aliyefua nguo za mtaa mzima na asichanganye soksi hahitaji kalamu.

Kisha mzee, mumewe, akaingia chupani. Hakuna kilichoonekana, ila majani ya ukingoni yaliegemea upande wa mama, na mkono wake ukashuka kwa uzito. Akakaza kizibo. Dada wa kofia ya njano aliyaona yote hayo, akasema anayefuata asogee, halafu akaenda kumwarifu mkubwa wake, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Wakitembea kuelekea langoni, ndani ya chupa mzee alilalamika kwamba mahali penyewe pananukia sukari.

"Muulize mwanao," mama akasema.

Meneja alikuwa anawangoja. Alikuwa mtu wa adabu, viatu vinang'aa. Alimwamkia mama shikamoo, akamuuliza kama amefurahia matembezi, kisha akaeleza kwa masikitiko kwamba mgeni haruhusiwi kuondoka na kitu chochote cha pale, liwe jiwe, liwe ua, liwe jibu. Kinyozi akasema hilo si jibu, ni baba yake. Meneja akamwonyesha ubao wa shaba uliopigiliwa ukutani, ule ambao mpaka leo upo na hung'arishwa kila Ijumaa.

"Soma mwenyewe, kaka. Mle hajafa mtu. Wale jamaa walitoroka."

Ndani ya chupa mzee akakohoa. Meneja akangoja amalize, kisha akaendelea. Alisema yeye hana ugomvi na mtu. Kama kweli wamembeba mtu, wafungue tu, wote wasikie, naye ataung'oa ubao ule kwa mikono yake. Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu aliyeshuhudia chupa nyingi zikifunguliwa mahali palepale.

Wageni walikuwa wameshajaa, mwalimu yumo, bwana harusi yumo. Kinyozi aliwatazama, akauona utoto wake wote umesimama pale unangoja. Neno moja tu la mzee mbele ya watu hawa, na yeye si mtoto wa mtoro tena. Akamwambia mama afungue. Akamwambia mara ya pili kwamba hawatapata tena mashahidi kama hawa. Mara ya tatu hakusema, alipeleka mkono kwenye kizibo mwenyewe.

Mama akauchapa mkono ule kama wa mtoto anayedokoa nyama sufuriani. Ukarudi ulikotoka.

Kisha akausogelea ubao, akausoma mpaka mwisho, midomo ikimcheza, maana kusoma alijifunza ukubwani. Alipomaliza hakuugusa. Aliibana chupa kwapani, akamrudia meneja.

"Mwanangu, unaniambia mle hamna mtu?"

"Hamna, mama. Hajawahi kuwamo."

"Basi nimebeba chupa tupu. Nipishe."