Spika Sita za Verlyn Haugen

Kwa muda wa majuma matatu Verlyn Haugen, mzee wa miaka sitini na minane, alijifungia katika gereji yake huko Yankton, Marekani, akitoboa vifuniko vya masanduku ya pikipiki yake ya safari ndefu ili apachike spika nne zaidi ya zile mbili ilizokuja nazo. Majuma hayohayo, mwendo wa dakika kumi kutoka hapo, Duane, mwenzake wa barabarani kwa miaka thelathini, alikuwa akifa hospitalini. Verlyn aliogopa kumwona amekonda. Kwa hiyo alimwambia Marlys, mke wa Duane, kwamba ameshikwa na mafua makali na hapendi kumwambukiza mgonjwa. Marlys akamshukuru.

Rafiki yao Arlo alipopita kuitazama kazi, alitikisa kichwa.

"Huu waya umeuunga moja kwa moja kwenye betri, mzee. Upitishe kwenye swichi! Sasa hivi ukizima pikipiki, spika zinabaki macho."

"Ndivyo ninavyotaka. Tukipiga kambi, muziki unaendelea."

"Utapiga kambi na betri maiti."

"Wewe Arlo, si ndiye uliyefunga taa ambazo ukiziwasha honi inalia? Hebu ninyamazie!"

Arlo alicheka, kisha akasema polepole, "Duane anakuulizia." Verlyn aliinama akaendelea kukaza skrubu.

Siku nne kabla ya kufa, Duane alimpelekea ujumbe wa sauti. Verlyn hakuthubutu kuusikiliza.

Siku ya maziko pikipiki arobaini ziliisindikiza maiti, na Verlyn, kwa ombi la Marlys mwenyewe, alitangulia. Walipofika makaburini walizima injini zote kama ilivyo desturi yao: kwanza kimya cha dakika moja, kisha injini zote huwashwa na kunguruma kwa pamoja, na huo ndio mkono wa buriani. Kila mtu alisimama kando ya pikipiki yake akiwa amevua kofia.

Kimya kilipoanza, Verlyn alikumbuka simu yake. Aliitoa mfukoni ili aizime, asije akaaibika. Kidole chake kinene, kilichovaa glavu, kikagusa mahali pasipostahili, na spika, zilizounganishwa na simu hiyo bila waya na ambazo hazikuwa zimelala, zikapaza sauti juu ya makaburi yote, safi, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Verlyn, kaka, ni mimi. Arlo kaniambia huna mafua, uko gereji unafunga spika. Sina hasira, mjinga wewe. Lakini njoo. Kama hutaki kuniona, simama tu chini ya dirisha uniwashie muziki. Nimewaambia wauguzi wasogeze kitanda. Dirisha liko wazi."

Verlyn aliibonyeza simu ovyo, akaidondosha majanini. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imekomea hapo, mbele ya watu na mbele ya jeneza. Hakuthubutu kuinua macho. Aliona viatu vyeusi vya Marlys vikija, vikasimama.

"Irudie," Marlys alisema.

"Shemeji, nisamehe, mimi—"

"Sijakuuliza kitu. Irudie. Siku zake nne za mwisho alikataa tufunge dirisha lile, na baridi yote ile. Mimi nikidhani anapenda hewa."

Verlyn alivua glavu, akaiokota simu, akaurudia ujumbe. Aliyasikia maneno yale mara ya pili akiwa ameshika kofia kifuani, na mara hii hakuwa na glavu wala haraka ya kumkinga.

Ndipo injini thelathini na tisa zikawashwa kwa pamoja, ardhi ikatetemeka. Ya Verlyn ilitoa mlio mdogo, tak, tak, ikanyamaza. Spika zilikuwa zimeimaliza betri.

Siku nyingine yoyote wangemcheka mpaka wafike kwao. Siku ile hapana hata mmoja aliyecheka. Arlo alizima ya kwake, akaja nyuma ya pikipiki ile nzito, akaweka mikono juu ya spika mpya.

"Shika usukani," akasema. "Nasukuma."