Muhuri wa Asubuhi

Saa mbili haijafika, mama mfagizi alikuwa ameshapiga deki chumba cha usaili mara mbili, na bado moyo haukutulia. Miaka kumi na mmoja amesafisha kitivo cha uhandisi. Utaratibu wa pale aliujua kuliko baadhi ya wahadhiri. Watoto huhojiwa, maksi huandikwa, ndipo fomu huenda kwa katibu kugongwa muhuri. Leo muhuri ulikuwa umeshagongwa, na watoto hata hawajaingia.

"Mbona mapema hivi?" aliuliza, akijifanya anafuta meza.

"Mwenyekiti ana safari, dada," katibu akajibu bila kuinua uso.

Dada! Juzi tu alikuwa "wewe wa ndoo". Dalili ya mvua ni mawingu.

Mwenyekiti alipoingia na wenzake wawili, akataka maji. Mama akamimina polepole, jicho kwenye fomu ya juu. Namba arobaini na moja, wa kwanza kuhojiwa leo. Hesabu, nne. Kujieleza, mbili. Maoni: *Anababaika. Hana msingi.* Sahihi tatu.

Arobaini na moja alikuwa nje kwenye benchi, amevaa viatu vya mama yake. Kwenye mtihani wa kuandika alikuwa wa tatu kati ya watu elfu mbili. Nyumbani walikuwa wamekubaliana wasisalimiane pale, isije ikasemwa mtoto wa mfagizi kabebwa.

Mama alitoka na fagio lake. Alitaka kumwambia, mwanangu, inuka twende zetu. Akafagia chini ya benchi.

"Mama, kuna nini?" binti alinong'ona.

"Sakafu ina maji. Angalia usiteleze."

"Arobaini na moja!" katibu akaita.

Mlango ukafungwa. Mama akafagia palepale, sikio kwenye ubao wa mlango. Alimsikia binti akieleza jinsi uzito wa daraja unavyoshuka kwenye nguzo, neno kwa neno, kama alivyokuwa akiwaeleza wadogo zake kwa vijiti na sufuria. Hababaiki, jamani. Hababaiki hata kidogo! Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamtoka.

Binti alitoka anameremeta, makubaliano yote kayasahau, akamrukia shingoni. "Mama, wamenipenda! Mwenyekiti alikuwa anaandika muda wote, hata kichwa hakuinua!"

"Mfagizi!" sauti iliita kutoka ndani. "Njoo uondoe glasi."

Mbele ya mwenyekiti palikuwa na karatasi aliyoichorachora. Nyumba ya ghorofa, geti, na vyungu vya maua barazani. Pembeni ilikuwa fomu inayofuata, namba arobaini na mbili. Hesabu, tisa. Kujieleza, kumi. *Kijana hodari, anajibu kwa ufasaha.*

"Mwite huyo anayefuata," mwenyekiti alisema.

Mama alisimama mlangoni. "Arobaini na mbili!"

Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Watoto wakatazamana.

"Hajafika, mkuu."

"Hajafika?" Mwenyekiti alitazama saa yake, akaichukua ile fomu, akaitumbukiza kwenye bahasha. "Haina neno. Mwite arobaini na tatu."

Mama alizishika zile glasi tatu kifuani. Mwishoni mwa ukumbi binti yake alikuwa bado anatabasamu, anamsubiri.

"Arobaini na tatu," akaita.

Kijana mwembamba akasimama, akanyoosha kola. "Wakali, mama?"

"Ingia tu, baba," alimjibu. "Angalia usiteleze."